Kupungua kilo 10 kwa mwezi mmoja: kabla hujaanza, pitia huu uzi

Mizani ya Jumatatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Haipiti wiki bila mtu kuingia humu na kuuliza: "Nina shughuli mwezi ujao, nifanyeje nipungue kilo kumi?" Wajibuji ni wale wale. Mmoja atamwambia akae siku tatu na maji matupu, mwingine atamwekea namba ya muuza chai, wa tatu atamcheka. Mimi nafanya kazi kitengo cha lishe, na watu wa aina hiyo huwa nawapokea miezi kadhaa baadaye, kilo zote zimerudi na nyingine zimeongezeka juu yake. Nimeona niandike kwa kirefu, siku nyingine tuwe tunawaelekeza huku.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo ndoto nyingi zinakufa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori 7,700 hivi. Ukitaka mafuta kilo 10 yaishe ndani ya siku 30, inabidi kila siku utumie kalori zaidi ya 2,500 kuliko unazokula. Sasa watu wazima wengi mwili mzima, kuanzia moyo kudunda hadi kupanda ngazi, unatumia kati ya kalori 2,000 na 2,500 kwa siku. Maana yake hata ukifunga mdomo mwezi mzima usitie kitu tumboni, wengi wenu hamfiki.

"Mbona fulani alipungua kilo tatu wiki ya kwanza?" Ni kweli alipungua, na mizani haikumdanganya. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukikata chakula ghafla, mwili unaanza kuila hiyo akiba, maji yake yanatoka kwenye mkojo, na kwa vile umepunguza na chumvi, maji mengine yanafuata. Utumbo nao unabaki mtupu. Hapo kilo mbili zimeondoka na mafuta bado hayajaguswa kivile. Siku ukirudi kula kama kawaida, zinarudi ndani ya siku mbili, na mtu anakuja analia kwamba "mwili wangu hausikii dayati".

Kasi ambayo CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa) ya Marekani na NHS (huduma ya afya ya taifa) ya Uingereza wanaitaja ni karibu ile ile: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mimi napenda zaidi kuisema kwa asilimia, nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wako kwa wiki, kwa sababu mwenye kilo 130 na mwenye kilo 68 hawawezi kupewa kasi moja. Kilo moja kwa wiki kwa huyu wa kwanza ni kitu cha kawaida. Kwa wa pili ni kujitesa.

Ukizidisha kasi, vinavyoondoka si mafuta peke yake. Misuli inaliwa. Nywele zinaanza kubaki kwenye kitana miezi miwili mitatu baadaye, wakati mtu keshasahau kwamba alijinyima. Kwa wanawake hedhi inaweza kuyumba au kukatika kabisa.

Na kuna hili la nyongo, ambalo watu wengi hawalijui. Mafuta yanapovunjwa kwa kasi, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Wakati huo huo, kifuko cha nyongo hujiminya pale chakula chenye mafuta kinapopita, na wewe umeshakata mafuta yote. Kwa hiyo nyongo nzito inakaa humo haitoki, inaanza kuganda, mwisho yanakuwa mawe. Hatari hiyo hupanda kwa wanaopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kulia juu ya tumbo, chini ya mbavu, mara nyingi baada ya kula, na yanaweza kupanda hadi bega la kulia au kupenya mgongoni. Ukiona hivyo, na hasa ukiwa na homa au macho yamegeuka manjano, usisubiri kesho. Nenda hospitali.

Sasa, kalori zinakatwa wapi? Sitampangia mtu sahani yake. Nitatoa zoezi moja tu. Chukua kijiko kikubwa, kijaze mafuta ya kupikia. Hizo ni gramu 14 hivi, kalori 120. Halafu shika chupa umimine kiasi unachotumia kila siku, ila safari hii usimimine kwenye sufuria, mimina kwenye kikombe. Kisha chota kwa kijiko, ukihesabu, hadi kikombe kiishe. Wengi niliowaambia wafanye hivi waliacha kunibishia walipofika kijiko cha nne na kikombe bado kina kitu. Ukija kwenye soda, chupa ya nusu lita ina sukari gramu 50 na ushee, kalori 200 hivi, na haishibishi. Ukibana kwenye mafuta na vinywaji vya sukari, upungufu wa kalori 500 kwa siku unaupata bila kugusa ukubwa wa mlo wako.

Jambo la mwisho kwenye bandiko hili. Acheni kuwaza uzito mliokuwa nao mkiwa shule. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa hatarini kukipata. Kundi moja lilipewa lengo la kupungua asilimia 7 tu ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi ya aina hiyo dakika 150 kwa wiki. Katika miaka mitatu hivi, walioingia kwenye kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo sita na kitu. Mtu akipungua hizo kilo sita humu ndani anaambiwa "mbona bado mnene?"

Karibuni kwa maswali.

---

Bwana Kitambi

Mkuu umeniharibia siku. Nusu kilo kwa wiki si nitafika nimeshazeeka? Halafu nilishalipia ile chai ya kukausha tumbo, pakiti mbili. Naomba useme hata kidogo inasaidia ili niinywe kwa amani.

---

Mizani ya Jumatatu

Bwana Kitambi, pole mkuu, kwa amani hutainywa 😀

Chai nyingi za namna hiyo ndani yake kuna sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zilishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo unachopoteza ni kinyesi na maji. Tumbo linaonekana limeshuka asubuhi, jioni limerudi. Ukiendelea nayo wiki kadhaa unapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo unapiga ovyo.

Hiyo ndiyo chai iliyo salama kidogo. Ipo nyingine inayokata kweli hamu ya kula, na hiyo ndiyo inanitisha zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye matatizo ya moyo. Tangu hapo wakaguzi wa dawa wamekuwa wakiikuta imechanganywa kimya kimya kwenye bidhaa zinazouzwa kama "mitishamba asilia". Ukinywa chai moyo ukaenda mbio, mdomo ukakauka na usingizi ukakataa, usiseme inafanya kazi. Iache, na ukienda kupima pakiti iende na wewe.

Kuhusu kuzeeka: nusu kilo kwa wiki ni kama kilo 25 kwa mwaka. Kiuhalisia haitafika huko, kwa sababu kasi hupungua kadiri mwili unavyopungua. Sema kilo 12. Mwaka jana wakati kama huu ulikuwa umepungua ngapi?

---

Msoma Tafiti

Uzi mzuri, ila naomba nipinge kidogo. Hii dhana kwamba anayepungua haraka lazima arudi alikotoka haina nguvu kama inavyosemwa. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa 2014, watu 200 hivi. Nusu walipunguzwa ndani ya wiki 12, nusu ndani ya wiki 36. Waliofikia lengo walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la haraka, karibu watano kwa kila watatu wa kundi la polepole. Halafu wakafuatiliwa karibu miaka mitatu, na makundi yote mawili yalirudisha karibu asilimia 70 ya kilo walizopoteza. Hakukuwa na tofauti ya maana.

Kuna na ule wa Uingereza unaoitwa DiRECT, wenye kisukari aina ya pili waliwekwa kwenye kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Karibu nusu yao, baada ya mwaka, sukari ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Sasa hapo "polepole" iko wapi?

---

Mizani ya Jumatatu

Msoma Tafiti, hapa umegusa penyewe, na sikubishii takwimu hata moja.

Ila angalia hao watu walikuwa wapi. Wote walikuwa chini ya uangalizi, wanakula vyakula maalumu vilivyopangwa viwe na vitamini na madini yote, wanapimwa, na kwa DiRECT dawa za sukari na presha zilisimamishwa siku ya kwanza kwa mpango wa daktari. Mtu wa humu anayekula tango moja mchana na kulala na maji hayuko kwenye utafiti huo. Mimi kasi ya nusu hadi kilo moja naitetea kwa sababu ndiyo kasi ambayo mtu anaweza kwenda nayo peke yake nyumbani bila kuhitaji mtu wa kumpima damu.

Kuhusu kurudi, tuko pamoja, na nadhani tunaosimamia lishe tumekuwa tukilisema vibaya. Kwenda taratibu hakukupi kinga ya kurudi. Hao wa wiki 36 nao walirudi. Kinachoamua ni utakula nini mwezi wa saba, wa kumi na wa ishirini. Swali ninalomuuliza kila anayekuja na dayati mpya ni hilo moja: hii unaweza kuila hadi lini? Akisema "mpaka nifike kilo 75", najua tutaonana tena.

Na mwili nao una ukorofi wake. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall walichapisha matokeo ya washindani 14 wa yale mashindano ya televisheni ya kupungua, The Biggest Loser, miaka sita baada ya kipindi. Kwa wastani walikuwa wamepungua kilo 58 na wamerudisha 41. Cha kushangaza ni kwamba miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inatumia kalori 500 hivi pungufu kwa siku ukilinganisha na inavyotarajiwa kwa mtu wa umbo lao. Miaka sita baadaye! Ule ulikuwa mkato wa kupindukia, si kila mtu atafika huko, lakini mwelekeo huo upo kwa kila anayepungua: unapokuwa mwepesi unahitaji chakula kidogo zaidi, na njaa inaongezeka. Usipolijua hili mapema utadhani umelogwa.

---

Chuma Kizito

Naongezea kwenye misuli maana mleta uzi kapita haraka.

Ukipungua kwa kula kidogo tu, bila kazi yoyote ya misuli, takriban robo ya kilo zinazoondoka si mafuta. Ndiyo maana unaona mtu kapungua lakini kalegea, tumbo bado lipo, mikono imekwisha. Dawa yake ni vitu viwili. Cha kwanza, fanya mazoezi ya kubeba uzito angalau mara mbili kwa wiki. Si lazima vyuma, pushapu za ukutani na kuchuchumaa ukiinuka kwenye kiti vinatosha kuanzia. Cha pili, protini, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kama figo zako ni nzima.

Na lala. Mwaka 2010 kuna watafiti walichukua watu kumi, wakawapa chakula cha kupungua kile kile, kipindi kimoja wanaruhusiwa kitandani saa 8.5 na kingine saa 5.5. Kilo zilizopungua zilikuwa karibu sawa. Lakini waliponyimwa usingizi, mafuta yaliyoondoka yalikuwa chini ya nusu ya yale ya kipindi cha usingizi wa kutosha. Zilizobaki hazikuwa mafuta, na misuli imo humo. Ni watu wachache, sawa, ila mimi hiyo ilinitosha kuzima simu usiku.

Wale wa kupiga sit-apu mia ili tumbo liishe: mnakomaza misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe yataondoka kwa ratiba yake. Hamchagui yaanzie wapi.

---

mama_wawili

Ahsanteni kwa elimu. Mimi nilianza vizuri, nimepunguza mafuta na soda nimeacha, natembea kila jioni. Sasa wiki tatu mizani imegoma pale pale, na kuna siku ilipanda kilo moja na nusu usiku mmoja! Nimechoka jamani. Nipunguze tena chakula?

---

Mizani ya Jumatatu

Dada, usipunguze bado.

Kilo moja na nusu ya mafuta kwa usiku mmoja ingehitaji ule kalori zaidi ya 11,000 juu ya zile unazotumia. Hukula hivyo. Hayo ni maji: chumvi ya jana, wanga zaidi ya kawaida, choo ambacho hakijapatikana, au hedhi inakaribia. Wanawake wengi hushika maji siku chache kabla ya hedhi, kwa hiyo wewe usilinganishe wiki hii na wiki iliyopita. Linganisha na wiki kama hii ya mwezi uliopita.

Pima asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi. Kama namba inakuvuruga, pima mara moja kwa wiki. Kama haikuvurugi, pima kila siku uandike, kisha angalia wastani wa wiki tu.

Na tafuta utepe wa fundi cherehani. Shika ubavu wa mwisho kwa vidole, shika na mfupa wa nyonga juu yake, katikati ya hapo ndipo utepe unapopita. Toa pumzi kawaida, usibane tumbo, usikaze utepe hadi ngozi ibonyee. Andika. Lengo zuri ni kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Ukiwa na sentimita 160, kiwe chini ya 80. Mara nyingi mizani imesimama na utepe unashuka.

Vyote viwili vikisimama mwezi mzima, hapo ndiyo tunaangalia vijiko vya mafuta tena. Huwa vinaongezeka vyenyewe bila mtu kujua.

---

Kimya Kingi

Mimi natumia dawa za sukari, glibenclamide, na za presha. Naweza kuanza tu hivi au?

---

Dada wa Zamu

Mimi ni muuguzi, hapo nitajibu mimi. Usianze kabla ya kuongea na anayekuandikia dawa. Glibenclamide inalisukuma kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Ukipunguza chakula na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka hadi ukazimia, na wanaochoma insulini ni hivyo hivyo. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Kunywa kitu chenye sukari hapo hapo, maelezo baadaye. Dawa za presha nazo: ukipungua, presha inashuka, ukisimama ghafla unaona giza. Hiyo ni habari njema, ila dozi inatakiwa ishushwe na daktari. Usiishushe wewe.

Wajawazito wasijaribu kupungua kabisa. Wanaonyonyesha waende taratibu zaidi. Watoto msiwawekee dayati za humu. Na yeyote aliyewahi kujitapisha baada ya kula au kujinyima hadi kuzimia, huu uzi si wako, mtafute mtaalamu kwanza.

---

Bwana Kitambi

Na zile sindano za kupungua wanazochoma matajiri?

---

Dada wa Zamu

Zinafanya kazi, tusidanganyane. Semaglutide, mojawapo ya sindano hizo, kwenye utafiti wa 2021 iliwapunguza watu karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Lakini walioacha, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili. Ni dawa ya daktari, ina kichefuchefu na kutapika kwa wengi, na ya kununua kwa mtu usiyemjua mtandaoni hujui ndani kuna nini.

---

Mpita Njia 7

Mnahangaika bure. Mimi tangu mwaka uanze nimepungua kutoka 81 hadi 74 na sijabadilisha kitu. Nakula kama kawaida, sana tu, maji ndiyo nakunywa mno siku hizi. Bahati ya kuzaliwa nayo hii 😂

---

Dada wa Zamu

Mpita Njia 7, usiku unaamka kwenda kukojoa mara ngapi?

---

Mpita Njia 7

Tatu, nne. Kwani?

---

Dada wa Zamu

Kupungua zaidi ya asilimia 5 bila kukusudia ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili kunahitaji kuchunguzwa, na wewe umefika karibu asilimia 9. Kiu, mkojo mwingi na kilo kupotea huku unakula vizuri, cha kwanza kupimwa ni sukari. Kipimo ni tone la damu kidoleni, majibu hapo hapo. Nenda kesho asubuhi. Ukianza kutapika, tumbo kuuma au kuhema haraka haraka, usingoje kesho, nenda usiku huu. Ukishapima rudi utuambie imesoma ngapi.